Nyonga Ikichomoka, Usimlaumu Shosho

Kila familia ina huyu shosho. Aliteleza bafuni ama akaanguka shambani, akavunjika nyonga. Mkachanga, mkafungua grupu ya WhatsApp ya harambee, akawekewa nyonga bandia, akarudi nyumbani. Wiki chache baadaye anainuka vibaya kidogo tu, kitu ndani kinachomoka, na mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake. Na kabla hata gari la kumpeleka hospitali halijafika, mtu ashatoa ile sentensi: "Si uliambiwa usiiname?"

Leo nataka kupigana na hiyo sentensi. Nimekaa na historia ya nyonga bandia kwa muda, na msimamo wangu ni huu: mara nyingi nyonga ikichomoka, mkaidi si shosho. Kinachomchomoa ni maamuzi yaliyofanywa mbali sana na jiko lake, mengine miaka zaidi ya sitini iliyopita, na watu waliokuwa wakitatua shida nyingine kabisa. Ngoja nikupeleke polepole.

Kwanza, kitu gani huvunjika?

Nyonga ni mpira ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe kiko kwa mfupa wa kiuno. Chini ya mpira kuna shingo, na hapo ndipo wazee wengi huvunjika wakianguka. Shida ya hiyo shingo ni kwamba mishipa mingi inayolisha mpira hupitia hapo. Shingo ikivunjika na vipande vikiachana, mishipa inaweza kukatika, na mpira unakufa polepole hata ukifungwa skrubu vizuri. Ndiyo maana kwa mzee daktari mara nyingi haungi. Anatoa mpira wote na kuweka mwingine. (Ikivunjikia chini zaidi ya shingo, kawaida huwa wanaunga kwa vyuma. Hiyo ni stori nyingine.)

Kuna aina mbili za kubadilisha. Nusu: unawekewa mpira mpya wa chuma, lakini kikombe chako cha asili kinabaki. Nzima: mpira mpya na kikombe kipya. Kumbuka hizi mbili, juu tutazirudia.

Walianza na pembe za ndovu

Mwishoni mwa karne ya 19, huko Berlin, daktari Themistocles Gluck alijaribu kutengeneza viungo bandia kwa pembe za ndovu. Wakati huo antibiotiki hazikuwepo, na maambukizi yalimharibia kazi. Mwaka 1923, Marius Smith-Petersen wa Boston alijaribu kufunika mpira wa nyonga kwa kofia ya glasi. Ndiyo, glasi. Zilikuwa zinapasuka. Ilipofika 1938 akawa amehamia kwa mchanganyiko wa metali unaoitwa Vitallium, na hapo mambo yakaanza kushika.

Mwaka 1940, Wamarekani wawili, Austin Moore na Harold Bohlman, walimwekea mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa mfupa kipande kikubwa cha metali badala ya sehemu yote ya juu ya mfupa wa paja. Baadaye, miaka ya 1950, Moore akatoa umbo lililokuwa rahisi zaidi: mpira mkubwa juu, mkia mrefu unaoingia ndani ya mfupa. Hii ndiyo ile nusu. Jina "Austin Moore" lilienea dunia nzima, na kwa miongo mingi wazee wengi waliovunjika shingo ya nyonga waliwekewa hiyo ama ndugu zake.

Sasa angalia kitu. Mpira wa Moore ulipimwa ulingane na kikombe cha mgonjwa mwenyewe, kwa hivyo ulikuwa mkubwa kama ule wa asili. Mpira mkubwa haupendi kutoka. Lakini unasugua kikombe cha asili, na baada ya miaka wengine wanaanza kusikia uchungu. Umepata utulivu, umelipa kwa kusagika. Hii biashara ya kupata hapa na kulipa pale ndiyo historia yote ya nyonga bandia.

Mwingereza na mpira mdogo

Anaingia John Charnley, wa hospitali ya Wrightington karibu na Wigan, Uingereza. Kama kuna mtu mmoja aliyefanya nyonga nzima iwe upasuaji wa kawaida, ni huyu. Na wagonjwa wake wengi hawakuwa wamevunjika. Walikuwa na nyonga zilizosagika kwa ugonjwa wa viungo, zenye maumivu na zilizokauka. Shida iliyokuwa inamnyima usingizi ilikuwa msuguano.

Jibu lake lilikuwa la kiufundi: punguza mpira. Mpira mdogo unazunguka kwa msuguano mdogo, na kikombe kinaweza kuwa kinene, kichukue muda mrefu kuisha. Alifika milimita 22 na kitu, karibu upana wa sarafu ya shilingi kumi. Mpira wako wa asili ni karibu mara mbili ya hapo.

Mwanzoni vikombe vyake vilikuwa vya Teflon, ile ile ya sufuria zisizoshika. Iliisha vibaya sana. Ndani ya miaka michache vikombe vilikuwa vinasagika, na unga wake ukaudhi mwili. Charnley alilazimika kuwafungua tena wagonjwa wake mwenyewe. Alifika hatua ya kujidunga vipande vya Teflon pajani aone mwili wake utasema nini. Halafu fundi wake, Harry Craven, akajaribu plastiki nyingine kwa mashine yao, polyethilini, na ikaonekana ngumu kuisha. Novemba 1962 wakaanza kuitumia kwa watu. Hiyo ndiyo babu ya nyonga nyingi zinazowekwa leo.

Lakini mpira mdogo una bei yake, na hapa ndipo shosho wetu anaingia.

Inachomoka vipi?

Madaktari huita kuteguka. Kuna mambo mawili ya kuelewa, na yote unaweza kuyaona jikoni.

La kwanza: weka mwiko ndani ya sufuria, uulaze mpaka mpini uguse ukingo. Sasa endelea kusukuma mpini chini. Ona, kile kichwa cha mwiko kinainuka. Nyonga bandia hufanya hivyo hivyo. Ukiinama sana, shingo ya chuma inagonga ukingo wa kikombe, na kuanzia hapo kila nyuzi unayoongeza inasukuma mpira utoke. Mpira ukiwa mdogo na shingo iwe nene, ukingo unagongwa mapema.

La pili: chukua nusu ya avokado yenye kokwa ndani. Kokwa kubwa imezama, lazima uitoe kwa nguvu. Sasa weka punje ya hindi kwenye shimo dogo la saizi yake. Haina safari ndefu ya kutoka. Mpira mkubwa lazima usafiri zaidi kabla haujavuka ukingo wa kikombe. Mdogo unavuka haraka.

Charnley hakuwa mjinga, alijua. Alikuwa anakata kipande cha mfupa wa paja pale misuli ya kando inaposhikilia, halafu anakirudisha akiwa amevuta misuli ikaze, ili ule mpira mdogo ukae ndani. Yaani umbo lake lilikuja na kazi nyingine ya kulisaidia. Wengi waliokuja baadaye waliacha kukata huo mfupa. Mpira mdogo uliendelea.

Aliyevunjika si kama aliyesagika

Mtu wa nyonga iliyosagika amekaa miaka akiwa amekauka. Ile ngozi ngumu inayozunguka kiungo imekuwa nene na imekaza. Ukimwekea nyonga mpya, hiyo ngozi inasaidia kuishikilia. Lakini shosho aliyevunjika jana, juzi alikuwa anainama kuchuma sukuma. Nyonga yake ilikuwa inazunguka vizuri, na mwili wake bado unakumbuka kuinama hivyo. Ongeza misuli iliyopungua kwa uzee, macho hafifu, uwezekano wa kuanguka tena, na kwa wengine kusahau. Unapata mtu ambaye nyonga nzima iliyobuniwa kwa mgonjwa aliyekauka inaweza kumtoka kirahisi zaidi.

Namba zipo. Mwaka 2019 kulichapishwa utafiti mkubwa unaoitwa HEALTH, wa watu 1,495 wenye miaka 50 na zaidi, waliovunjika shingo ya nyonga, katika nchi 10. Wengine walipewa nusu, wengine nzima, kwa bahati nasibu. Baada ya miaka miwili, waliohitaji upasuaji mwingine walikuwa karibu sawa: asilimia 7.9 kwa nzima, 8.3 kwa nusu. Lakini nyonga kuchomoka ama kulegea ilikuwa asilimia 4.7 kwa nzima na 2.4 kwa nusu. Karibu mara mbili.

Usisome hapo ukaenda kukataa nzima. Kwa mzee ambaye bado anatembea mwenyewe, anapanda matatu, ana miaka mingi mbele, nzima ina faida zake. Ninachosema ni kwamba hatari ya kuchomoka ilikuwa ndani ya uamuzi tangu siku ya upasuaji. Shosho hakuileta na kigoda chake.

Ushahidi wa mshono

Kama bado unadhani ni ukaidi, sikiza hii. Kuna njia kadhaa za kuingia kwenye nyonga. Njia ya nyuma, ambayo Moore mwenyewe aliipigia debe miaka ya 1950, ni maarufu kwa sababu haiumizi misuli mikubwa ya kutembea. Lakini inakata misuli midogo ya nyuma na ile ngozi ya kiungo, na kwa muda mrefu madaktari wengi hawakuwa wanazishona kwa umakini wakimaliza. Mpira ukipata nafasi, unatokea huko huko nyuma.

Mwaka 1998, madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuzishona tena vizuri. Kwa daktari mmoja, waliochomoka walitoka asilimia 4 hadi sufuri. Kwa mwingine, kutoka 6.2 hadi 0.8. Fikiria hapo kidogo. Wagonjwa hawakuwa wameongezwa adabu. Kilichobadilika ni mshono. Kwa miaka mingi wale walioteguka waliambiwa waliinama vibaya, kumbe sehemu ya jibu ilikuwa kwenye uzi wa daktari.

Kuna hata ramani iliyowaangusha madaktari. Mwaka 1978, Lewinnek na wenzake waliangalia nyonga 300 wakapendekeza "eneo salama" la kuelekeza kikombe: ndani ya eneo hilo zilichomoka asilimia 1.5, nje yake 6.1. Ikawa kama sheria. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliangalia nyonga zilizokuwa zimeshachomoka, na zaidi ya nusu zilikuwa na kikombe ndani ya hilo eneo salama. Kama hata kikombe kilichokaa "sawa" kinaweza kuachia, utamshika shosho kwa kosa gani?

Masharti yalitoka kwa nyumba ya nani?

Sasa tuje kwa karatasi ya masharti. Usikunje nyonga kupita nyuzi 90. Usikunje mguu juu ya mwingine. Usigeuze goti ndani. Lala na mto katikati ya miguu. Tumia kiti kirefu, na choo kilichoinuliwa.

Kimsingi haya masharti yana mantiki. Kwa aliyefanyiwa kwa njia ya nyuma, kukunja sana huku goti limegeukia ndani ndiyo mwendo hasa unaosukuma mpira nje. Tatizo langu ni kwamba yameandikwa kwa mtu anayeishi kwenye nyumba ya viti virefu na choo cha kukaa.

Nyanya yangu anaishi Nyandarua. Hospitali iliyomfanyia, ambayo siitaji, ilimpa karatasi moja ya Kiingereza yenye mchoro wa choo cha kukaa chenye kiti cha kuongezea urefu. Choo chake ni cha shimo. Jiko lake ni la kuni, chini, na kigoda chake kina urefu wa tofali. Hakuna mtu aliyemuuliza anaenda haja wapi, ama anapika akiwa amekaa kwa nini. Wiki ya tatu, akiwa anamenya waru kwa hicho kigoda, alijaribu kuinuka, na ikachomoka. Shangazi yangu akatoa ile sentensi. Shosho akanyamaza tu, akaangalia chini, kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni. Hiyo aibu ilinikera kuliko chochote, juu hakuwa amevunja sharti lolote aliloweza kulitimiza. Alipewa masharti ya nyumba nyingine.

Na hata hayo masharti yenyewe si maandiko matakatifu. Mwaka 2005 kulichapishwa jaribio Marekani la nyonga zaidi ya 300, kundi moja likiwa na masharti makali na lingine likiwa na machache. Nyonga moja tu ilichomoka, na ilikuwa ya kundi la masharti makali. Enyewe hao walifanyiwa kwa njia ya mbele-kando na si watu waliovunjika, kwa hivyo usimwambie shosho wako aanze kuchuchumaa kesho. Lakini linatuonyesha kwamba masharti yanategemea umefanyiwa vipi. Karatasi moja ya fotokopi haiwezi kumfaa kila mtu.

Mpira ndani ya mpira

Kuna waliokataa kulaumu wagonjwa wakaenda kubadilisha kifaa. Miaka ya 1970, Mfaransa Gilles Bousquet wa Saint-Étienne alikuja na wazo tamu: chukua mpira mdogo wa Charnley, uufungie ndani ya mpira mkubwa wa plastiki, na huo mkubwa nao uzunguke ndani ya kikombe cha chuma. Unapata msuguano mdogo wa mpira mdogo, na utulivu wa mpira mkubwa. Ufaransa iliizoea mapema. Marekani iliruhusu ya kwanza mwaka 2009 hivi, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Siku hizi madaktari huifikiria hasa kwa wale walio hatarini kuchomoka, na aliyevunjika nyonga yuko juu kwa hiyo orodha. Ina bei yake pia, kwa doh na kwa sehemu za ziada zinazoweza kusagika. Lakini aliyeibuni alianza na swali tofauti na letu. Sisi tunauliza "mbona aliinama?" Yeye aliuliza "mbona inatoka mtu akiinama?"

Sasa tufanye nini?

Wewe ndiye mwenye simu na Kiingereza cha hospitali kwenye familia yenu. Kwa hivyo kazi ni yako. Kabla shosho, ama guka, hajaingia chumba cha upasuaji, uliza: ni nusu au nzima, na mbona hiyo? Mtaingilia upande gani, na mkiingilia nyuma, mtashona ngozi ya kiungo na misuli? Mpira utakuwa saizi gani? Kuna ile ya mpira ndani ya mpira, na inamfaa? Haya si maswali ya kiburi. Daktari mzuri anayapenda.

Kabla hajarudi nyumbani, waambie choo chake ni cha aina gani, kitanda kina urefu gani, anapika vipi, anasali vipi kama husujudu. Omba fizioterapia amfundishe kwa hicho kitanda na kiti alicho nacho. Mwambie fundi wa mbao atengeneze kiti kirefu chenye tundu kinachokaa juu ya choo cha shimo, kiwe imara kisiteleze. Inueni kitanda kwa matofali yaliyoshikamana. Kigoda kiwekwe mbali kwa miezi ya kwanza, juu hiyo ndiyo miezi nyonga nyingi huchomoka. Na masharti yaandikwe kwa lugha anayoisoma, ama asomewe zaidi ya mara moja.

Ikichomoka, utajua. Uchungu wa ghafla, hawezi kukanyaga, mguu mfupi, mara nyingi umegeukia ndani. Usiuvute. Usimwite yule jamaa wa kukanda. Mlaze, mguu ukae vile umekaa, asile wala kunywa, mkimbize hospitali. Huko watapiga eksirei, na mara nyingi hurudishwa bila kupasuliwa tena, akiwa amelazwa kwa dawa. Ikirudia rudia, ulizeni kuhusu kikombe na mpira, si tabia zake tu.

Na wakati mnasubiri hilo gari, mtu akifungua mdomo aseme "si uliambiwa," mwambie ashike mkono wa shosho na anyamaze. Nyonga yake ina miaka mia na zaidi ya watu wakibahatisha pembe, glasi, Teflon na saizi ya mpira. Yeye alikuwa anamenya waru tu.